Tupa, Msumeno na Grinda: Zana za Kukatia Chuma Katika Karakana ya Nyumbani Ufipa

Katika vilima vya Nkasi, kaskazini ya Sumbawanga, bado yamesimama matanuru ya udongo yenye urefu wa mita tatu hivi. Wafipa huyaita malungu. Hayakuwa na mivukuto. Mafundi waliyajenga marefu, wakayatoboa matundu kuzunguka kitako, kisha wakauacha moto uvute hewa wenyewe, mchana na usiku, mpaka mawe ya chuma na mkaa vikashuka hadi chini ya tanuru.

Kilichotolewa humo kilikuwa bonge ambalo lisingefaa jembe. Chuma huyeyuka kikawa maji kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, joto ambalo malungu hayakulifikia, kwa hiyo bonge lilitoka limechanganyika na taka za tanuru, gumu upande huu na laini upande ule, kadiri kaboni ya mkaa ilivyoingia. Ndiyo sababu Ufipa kulikuwa na tanuru la pili. Vipande vilipelekwa kwenye vintengwe, matanuru madogo ya kimo cha goti au zaidi kidogo, na huko vikasafishwa kwa moto wa mivukuto kabla mhunzi hajavipiga nyundo. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda alifanyia utafiti mabaki ya kazi hiyo wilayani Nkasi, akaiandikia tasnifu katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995 na baadaye kitabu, Contemplating the Fipa Ironworking, kilichotoka 2010. Randi Barndon wa Norway naye alilinganisha uyeyushaji wa Wafipa na ule wa Wapangwa, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2004.

Sababu ya kuanza na malungu katika sura inayohusu misumeno na diski ni hii: watu wa uwanda huu wa Ufipa walijua tangu zamani kwamba chuma si kitu kimoja. Walikitenga na kukijaribu kwanza, kazi ya kukata na kufua ikafuata. Mwenye karakana wa leo anayelalamika kwamba bledi zake huisha meno kwa siku moja, au kwamba diski zinamfilisi, mara nyingi ameiruka hatua hiyo ya kwanza. Ameingia dukani akauliza mashine gani ni nzuri, kabla hajajiuliza atakata nini.

Atakata nini, basi? Sumbawanga iko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya mahindi, maharage na ng'ombe. Karakana ya nyumbani hapa, iwe ni kibanda nyuma ya nyumba Kizwite au kivuli cha mwembe huko Laela, hupata kazi za namna mbili. Ya kwanza ni ya mjini: mageti, milango, fremu za madirisha, vitanda, mabenchi, majiko ya mkaa. Kazi hizo hutumia chuma kipya kinachopanda na malori kutoka Tunduma, kwa barabara ya lami ya zaidi ya kilomita 220: skwea paipu, engo, flatibaa, nondo na mabati. Karibu vyote hivyo ni chuma laini, chenye kaboni isiyofika robo ya asilimia moja. Nondo peke yake hubadilika-badilika, maana zipo zilizotengenezwa ngumu makusudi kwa ajili ya zege.

Kazi ya pili ni ya shamba, na hapo ndipo Ufipa unapotofautiana na Kariakoo. Huletwa plau iliyovunjika, mkokoteni wa ng'ombe uliopinda ekseli, jembe linalohitaji kufupishwa, mnyororo, panga la kutengenezwa kutoka springi ya lori. Vyuma hivi ni vya ukoo mwingine kabisa. Springi ya gari ina kaboni ya nusu asilimia au zaidi kidogo, tena imechomwa na kuzimwa ili iwe ngumu na yenye kurudi inapopindwa. Jembe la plau limetengenezwa lisilike upesi kwenye udongo wenye mchanga. Msumeno uliokata skwea paipu ishirini bila shida unaweza kupoteza meno yote kwenye ncha ya plau kabla haujazama hata milimita mbili.

Zana ya kwanza ya kununua, kwa hiyo, haikati kitu kwa haraka. Ni tupa.

Tupa ya inchi 10, bapa, ya meno ya wastani, hutumika kusawazisha kingo na kuondoa makombo yanayobaki baada ya kukata. Lakini kazi yake ya thamani zaidi ni kupima. Fundi huikwangua pembeni ya chuma asichokijua. Ikiuma na kuacha mkwaruzo unaong'aa, chuma kile kinakatika kwa msumeno wa mkono. Ikiteleza kama juu ya kioo, bila kuacha alama, msumeno usiguse hapo: chuma hicho kimechomwa na kuzimwa kikawa kigumu, na kitataka diski au kitataka kulainishwa kwanza motoni. Jaribio hili huchukua sekunde tano na huokoa bledi nzima. Tupa ile ya kupimia isiwe ile ya kazi, kwa sababu kila inapoteleza juu ya chuma kigumu inajiharibu yenyewe. Tupa kuukuu yenye pembe moja nzima inatosha.

Mwenye grinda ana kipimo kingine, cheche. Akigusisha jiwe kwenye chuma laini, cheche hutoka ndefu, zilizonyooka, zenye matawi machache. Kwenye springi au tupa ya zamani cheche hupasuka-pasuka na kuwa vichaka vyenye nyota nyingi, kwa sababu kaboni ndiyo inayopasuka hewani. Chuma kisichoshika kutu hutoa cheche fupi zenye rangi ya machungwa, na shaba haitoi kitu. Mafundi wazoefu husoma cheche bila hata kufikiri, lakini kijana anayeanza apange vipande anavyovijua mezani, msumari, nondo, springi, biti iliyovunjika, avigusishe kimoja kimoja jioni giza likianza kuingia, mpaka jicho lizoee.

Baada ya tupa ni msumeno wa chuma. Zana hii inadharauliwa kuliko inavyostahili, na wanaoidharau kwa kawaida ni watu waliotumia bledi mbaya kwenye fremu iliyolegea. Bledi ya kawaida ina urefu wa inchi 12, yaani milimita 300, na imeandikwa idadi ya meno kwa kila inchi: 14, 18, 24 au 32. Namba hiyo ndiyo ya kuchagulia, kuliko jina la kampuni na rangi ya pakiti. Kanuni ya mafundi wa dunia nzima ni kwamba meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya chuma kwa wakati mmoja. Yakiwa machache zaidi, ukingo mwembamba wa bati huingia katikati ya meno mawili na kuling'oa moja; likishang'oka moja, linalofuata hubeba mzigo wa mawili, nalo hung'oka, na bledi imekwisha.

Hesabu yake ni rahisi. Kwenye bledi ya meno 18, meno matatu huchukua milimita nne na ushee. Kwenye ya meno 24 huchukua milimita tatu hivi, na kwenye ya 32 huchukua mbili na nusu kasoro kidogo. Kwa ekseli ya mkokoteni au nondo nene, 18 ni sawa kabisa. Kwa engo na flatibaa za unene wa kawaida, 24. Tatizo liko kwenye skwea paipu za mageti, ambazo ukuta wake mara nyingi ni milimita moja na nusu au pungufu. Hapo hata bledi ya 32 haitimizi kanuni msumeno ukiingia wima. Fundi hulitatua kwa mkono. Huulaza msumeno ili ukate ukuta kwa mshazari, na hivyo meno mengi zaidi yashike, kisha huigeuza paipu na kuanza upande mwingine kabla hajatoboa hadi chini. Mkato wa pande nne unaokutana katikati hutoka mnyoofu kuliko ule wa kushuka moja kwa moja.

Meno ya bledi huelekezwa mbele, mbali na mshikaji, kwa kuwa msumeno hukata unaposukumwa. Ukirudishwa, unyanyuliwe kidogo. Mapigo 40 hadi 60 kwa dakika yanatosha, marefu, yanayotumia karibu bledi yote. Vijana wengi hukata kwa mapigo mafupi ya kasi, bledi ikapata moto katikati na kupoteza ugumu wake, huku ncha zote mbili zikiwa bado mpya. Matone machache ya oili chafu ya gari husaidia kwenye chuma kinene.

Bledi zenyewe ni za namna mbili. Ipo ya chuma cha kaboni, ya bei ya chini, inayovunjika kama biskuti ikipindwa. Na ipo ya metali mbili, ambayo mgongo wake ni chuma chenye kunepa na meno yake ni chuma cha hai spidi kilichounganishwa pembeni. Ya pili huuzwa ghali zaidi, lakini huhimili mkono ambao haujanyooka na hudumu mara nyingi zaidi. Kwa mtu anayejifunza peke yake nyumbani, ya metali mbili ndiyo nafuu, hata mfuko ukilalamika siku ya kununua. Fremu nayo ipimwe dukani palepale: ikazwe bledi mpaka iwe imara, kisha ipigwe kwa kucha. Ikitoa mlio mkali, fremu inafaa. Ikitoa mlio mzito, au fremu ikijipinda wakati wa kukaza, irudishwe kabatini.

Msumeno bila jiliwa ni nusu ya zana. Jiliwa, ambalo karakana nyingi huliita vaisi, hushika chuma kisitikisike, na chuma kinachotikisika ndicho kinachovunja bledi na kukata vidole. La mdomo wa inchi 4 latosha nyumbani, ila liwe zito. Liangaliwe kama midomo yake hukutana sawasawa likifungwa juu ya karatasi: karatasi ikivutika upande mmoja, midomo imepinda. Lifungwe kwenye meza iliyozikwa miguu ardhini au iliyojazwa mawe chini, kwa kimo cha kiwiko cha mwenye kulitumia. Kati ya mtu mwenye jiliwa zuri na msumeno wa kawaida, na mtu mwenye grinda ghali anayekanyaga chuma kwa mguu huku akikikata, wa kwanza atatoa geti lililonyooka.

Kisha tindo. Wapo wanaoamini kwamba tindo ni zana ya mtu asiye na uwezo wa kununua kingine. Watembelee Kamukunji, jijini Nairobi, soko la mafundi wa jua kali ambalo Rais Daniel arap Moi alilizuru mwaka 1985 na kuagiza mafundi wajengewe vibanda. Huko mapipa ya mafuta hupasuliwa na kunyooshwa, yakageuka masanduku, majiko, sufuria na toroli, na sehemu kubwa ya ukataji hufanywa kwa nyundo na tindo juu ya kipande cha chuma kizito. Mkono uliozoea hufuata mviringo uliochorwa kwa chaki bila kusita, hautumii umeme, hauli diski, na haupashi bati moto hadi likajikunja. Bati la unene wa milimita moja hukatika kwa tindo upesi ajabu.

Pipa lina sababu nyingine ya kukatwa hivyo. Pipa lililobeba petroli au dizeli hubaki na mvuke ndani hata likionekana kavu, na cheche za grinda au mwali wa gesi vinaweza kulilipua na kumuua aliye karibu. Lioshwe kwa maji moto na sabuni, likaushwe, na kabla ya mkato wa kwanza lijazwe maji hadi karibu na pale litakapotobolewa. Katika mambo yote ya sura hii, hili ndilo ambalo halina nafasi ya kujaribu-jaribu.

Tindo linaweza kununuliwa, lakini Ufipa lina historia ya kufuliwa, na kipande cha springi au koili ya gari kinatosha. Kikichomwa hadi kiwe laini, hufuliwa na kunolewa ncha kwa pembe ya digrii 60 hadi 70 kwa kazi ya chuma. Ncha huchomwa tena hadi sumaku iache kuishika, yapata nyuzi 770, na kuongezewa moto kidogo, huzimwa kwenye oili, husuguliwa ing'ae, kisha hupashwa polepole kutoka nyuma huku fundi akitazama rangi zinavyosogea: manjano kama majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Zambarau inapofika kwenye ncha, huzimwa mara ya pili. Likiachwa kwenye manjano, tindo litakuwa gumu lakini litapasuka ncha na kurusha vipande. Likipita buluu, litajikunja. Kichwa chake kisifanywe kigumu kamwe, na kikianza kuchanua kama uyoga kwa kupigwa, kisagwe mara moja, maana vile vipande vya pembeni huruka na kuingia mwilini.

Kuna jambo moja la kusema kuhusu fuawe. Kipande cha reli ndicho mafundi wa Afrika Mashariki hukipenda, na reli ya TAZARA hupita Tunduma. Lakini reli ni mali ya umma, na anayeinunua kwa njia za panya hununua kesi. Gogo la ekseli ya trekta lililosimamishwa kwenye kisiki cha mti hufanya kazi ileile.

Sasa grinda. Hakuna mashine iliyobadilisha karakana ndogo za Tanzania kama hii. Kampuni ya Ujerumani, Ackermann + Schmitt, ndiyo iliyotoa grinda ya kasi kubwa ya mkononi mwaka 1954, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Ya diski ya milimita 115, ambayo madukani huitwa ya nne na nusu, huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa diski hapo huenda mita 66 kwa sekunde, yaani kilomita 238 kwa saa. Diski nyingi zimetengenezwa kuhimili mita 80 kwa sekunde, na namba hiyo huandikwa juu yake pamoja na mizunguko ya mwisho inayoruhusiwa.

Hapo ndipo panapotokea ajali mbaya kuliko zote za karakana. Diski ya milimita 115 ikiisha, fundi huona diski ya milimita 230 dukani kwa bei nzuri, akang'oa kinga ya grinda yake ndogo na kuifunga ile kubwa. Kwa mizunguko 11,000, ukingo wa diski hiyo huenda mita 132 kwa sekunde, zaidi ya mara moja na nusu ya kasi iliyojengewa. Gundi inayoshikilia chembe zake haihimili. Inapasuka, na vipande vyake hakuna miwani ya kuvizuia. Diski kubwa hutaka mashine kubwa, inayozunguka 6,600 au chini ya hapo, na kinga haiondolewi kwa sababu yoyote.

Unene wa diski ni uamuzi wa pili. Ya milimita moja hukata skwea paipu na bati upesi, hupoteza chuma kidogo na haipashi sana moto, ila haipendi kupindwa pembeni. Ya milimita mbili na nusu au tatu huvumilia nondo na engo nene. Ya milimita sita ni ya kusaga tu. Kusagia ubavu wa diski nyembamba, jambo linaloonekana kila siku barabarani, huitia nyufa zisizoonekana. Kwenye pete ya chuma iliyo katikati ya diski huchapwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka mitatu tangu itengenezwe, kwa kuwa gundi huzeeka na unyevu huidhoofisha. Mnunuzi aitazame tarehe hiyo kabla ya bei. Muuzaji akimwambia, "Mkuu, hiyo ni tarehe ya mzungu, diski haiozi," aende duka la pili. Diski zihifadhiwe zikiwa zimelala, ndani ya nyumba, na wakati wa mvua zisiachwe kibandani.

Kuhusu umeme, Sumbawanga ina historia inayomhusu kila mwenye mashine. Kwa miaka mingi mji haukuwa kwenye gridi ya Taifa; TANESCO ilinunua umeme kutoka Zambia na kusaidiwa na jenereta za dizeli. Mafundi wa hapa walijifunza kuishi na volti zinazopanda na kushuka. Grinda ya wati 850 haili umeme mwingi, haifiki yuniti moja ya LUKU kwa saa nzima ya kukata mfululizo, na hakuna anayekata mfululizo saa nzima. Gharama yake iko kwenye diski na kwenye waya mbovu. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 50 unaolisha mashine ya wati 2,000 hupoteza karibu volti 20 njiani. Injini hukosa nguvu, hupata joto, na harufu ya varnishi inayoungua ndiyo taarifa ya kwanza na ya mwisho. Waya uwe mfupi, wa milimita za mraba 1.5 au zaidi, na ufunuliwe wote kutoka kwenye gurudumu lake.

Vijijini, ambako grinda hutegemea jenereta ya petroli, kimo cha uwanda nacho huingia kwenye hesabu. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza takriban asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300 za kimo. Kwenye mita 1,800 imekwenda karibu moja ya tano. Jenereta iliyoandikwa kilowati 2 hutoa kama 1.6, na injini ya umeme inapowashwa huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida kwa kitambo kidogo. Anayenunua jenereta Dar es Salaam kwa ajili ya Namanyere au Matai aongeze ukubwa kabla hajalipa.

Mashine ya kukatia ya mezani yenye diski ya inchi 14 ni nzuri kwa anayetengeneza mageti kila wiki, kwani hukata pembe za digrii 45 zinazofanana. Kwa karakana ya nyumbani inaweza kusubiri. Mitungi ya oksijeni na asetilini nayo isinunuliwe kwa kazi za nyumbani. Vyuma vinene vya chesisi vipelekwe kwa fundi wa gesi mjini. Ikumbukwe tu kwamba gesi hukata chuma kwa kukiunguza ndani ya oksijeni, hivyo haiwezi alumini wala chuma kisichoshika kutu.

Mkasi wa bati na mkasi mrefu wa kukatia nondo ni nyongeza za bei nafuu. Wa nondo uangaliwe ugumu ulioandikwa juu yake, na usipewe springi hata siku moja.

Miwani haihesabiwi kama zana, na hapo ndipo kosa lilipo. Miwani ya jua haizuii chembe inayotoka kwenye diski. Inayofaa hufunika pembeni, na ngao ya uso juu yake ni bora zaidi. Glovu pana za kitambaa zisivaliwe karibu na mashine inayozunguka, kwani hunaswa na kuvuta mkono. Anayekata bati au paipu iliyopakwa zinki afanye hivyo penye upepo, kwa maana moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye, na wengi huidhania malaria wakaenda kununua dawa isiyohusika.

Kwa mtu wa Ufipa anayeanza na fedha kidogo, mpangilio wa ununuzi ni huu: tupa mbili, fremu imara ya msumeno na bledi za metali mbili za meno 18, 24 na 32, jiliwa zito, nyundo ya kilo moja na tindo la kufuliwa mwenyewe, kisha miwani. Zana hizo hazihitaji umeme hata kidogo, na zinaweza kumaliza sehemu kubwa ya kazi za nyumba ya kawaida. Grinda ndogo ifuate zikianza kuleta fedha, ya kampuni ambayo brashi zake za kaboni na swichi zake hupatikana Sumbawanga kwenyewe, bila kuagizwa Mbeya. Anayetaka kufundishwa aulize SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye ofisi mkoani Rukwa, au VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Anayetaka zana zilizotumika aende gulioni, ambako majiliwa ya zamani yaliyosubiwa kwa chuma kizito bado hujitokeza, mara nyingi yakiwa na kutu ya juujuu tu inayotoka kwa mafuta ya taa na brashi ya waya.

Mpangilio huo hupimwa vizuri mwezi Oktoba, wiki chache kabla ya mvua za Novemba, wakati plau zinapoanza kushuka kutoka darini. Mkulima analeta jembe la plau lililolika ncha, pamoja na kipande cha springi ya lori cha kuunganishia ncha mpya. Fundi anakwangua tupa kwenye springi: inateleza. Anaizika kwenye moto wa mkaa hadi iwe nyekundu, anaifukia kwenye jivu, na kuiacha ipoe usiku kucha. Asubuhi tupa inauma. Anaifunga kwenye jiliwa, anachukua bledi ya meno 18, na springi ambayo jana ingeng'oa meno yote inakatika kwa mapigo marefu ya polepole, kwa kufuata mstari wa chaki. Ncha ikishachomelewa na kunolewa, ataichoma upya na kuizima kwenye oili ili ugumu urudi, kisha ataipasha kidogo isije ikavunjika kwenye jiwe la kwanza shambani.